Tochi ya kuzamia: anza na betri, lumeni baadaye

Mtu akinunua tochi ya kuzamia, swali la kwanza kumtoka mdomoni ni "Ina lumeni ngapi?" Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye tochi, na swali hilo lina nafasi yake, ila nafasi yenyewe ni ya tatu au ya nne. La kwanza ni hili: inatumia betri gani, betri hiyo inatoka au imefungiwa humo humo, na ikifa siku mbili kabla ya safari utapata nyingine wapi?

Kwa anayeishi Dodoma swali hilo ni zito zaidi. Kituo cha kupiga mbizi kilichoko Nungwi au Mafia kina kabati la vifaa. Tochi moja ikigoma, wanachukua nyingine. Wewe uliyetoka Nkuhungu au Kisasa na begi mgongoni, ulichobeba ndicho hicho hicho. Vituo vingi hukodisha tochi, lakini tochi ya kukodi imepita mikono mingi na hujui betri yake imechajiwa mara ngapi. Ndiyo maana kazi karibu yote ya tochi, kuanzia kuichagua, kuipima, kuichaji hadi kuifunga, inafaa imalizikie huku bara, mezani, kwenye mwanga wa kutosha na bila haraka.

Betri

Chagua tochi inayotumia betri ya kawaida inayotoka. Kwa tochi za siku hizi hiyo ni lithiamu ya 18650 au 21700. Namba hizo ni vipimo: 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na 21700 ni milimita 21 kwa 70. Zote huandikwa volti 3.6 au 3.7, zikijaa hufika 4.2, na hazipaswi kushushwa chini ya 2.5 hadi 3.0 kutegemea aliyezitengeneza. Ndizo zilizomo ndani ya betri za laptop za zamani na pawabenki nene, kwa hiyo hata fundi simu wa pale Majengo anazijua kwa sura.

Kuzijua kwa sura hakutoshi. Betri nyingi zinazouzwa mitaani zimetolewa kwenye laptop zilizokufa, zikavishwa ganda jipya la plastiki na kuandikwa namba ya kupendeza. Hapo ndipo muuzaji anapokuambia, "Hii orijino kabisa, boss." Betri nzuri ya 18650 ina kati ya 2,500 na 3,600 mAh (miliampia-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Ukiona ganda limeandikwa 6,800 au 9,900, rudisha mezani na uondoke, kwa sababu hakuna namna ya kuingiza umeme wa kiasi hicho kwenye kopo la ukubwa huo. 21700 nzuri inafika kama 5,000.

Ipime kwenye mzani wa jikoni. 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50, na 21700 ina karibu gramu 70. Ya gramu 32 ni kopo lililo nusu tupu. Hata hivyo mzani peke yake hautoshi, maana wapo wanaojaza unga au mchanga ndani ili uzito utimie. Kipimo cha mwisho ni chaja yenye kioo inayoweza kujaza betri, kuimaliza na kuijaza tena huku ikihesabu mAh zilizotoka. Chaja ya namna hiyo ni ghali kidogo kuliko ya kawaida, na kwa maoni yangu inunuliwe kabla ya tochi yenyewe. Betri iliyoandikwa 3,400 ikitoa 3,200 ni nzima. Ikitoa 1,100, hiyo ni ya kuwashia redio.

Kuna jambo la urefu ambalo huharibu tochi nyingi mpya. Betri yenye ulinzi ina kisahani chenye saketi upande wa hasi, kinachokata umeme betri ikipiga shoti au ikishuka mno. Kisahani hicho, pamoja na kichuchu cha upande wa chanya, huongeza urefu hadi milimita 68 au 70. Tochi iliyotengenezwa kwa betri hiyo ukiiwekea ya bapa, isiyo na kichuchu, yenye milimita 65, springi haifiki vizuri, nayo itawaka mezani na kuzimika ukiigonga. Ukifanya kinyume, yaani kulazimisha betri ndefu kwenye nafasi fupi, kifuniko hubana kisahani hadi kikapasuka, au oringi, zile pete za mpira zinazozuia maji, hazikai mahali pake kwa sababu kifuniko hakikufika mwisho. Soma karatasi ya tochi: imesema kichuchu au bapa, yenye ulinzi au isiyo na ulinzi? Fuata hivyo hivyo.

Tochi kubwa zinazotumia betri mbili, tatu au nne zina sharti lao. Betri hizo ziwe za aina moja, zimenunuliwa siku moja, zinachajiwa pamoja na kuzeeka pamoja. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito: A1, A2, A3. Kabla ya kuzipakia zipime kwa multimita, na tofauti kati yao isizidi volti 0.05. Zikipangwa mfululizo, iliyo dhaifu huisha mapema huku wenzake wakiendelea kuisukuma hadi inageuka chanya kuwa hasi, na betri ya lithiamu iliyogeuzwa hivyo ndani ya kopo lisilopitisha hewa ni hatari ya kweli.

Vipi betri ndogo za AA za kuchaji, zile za nikeli? Kwa tochi ya akiba zinafaa sana. Zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo nne hutoa 4.8 badala ya 6, na tochi nyingi za LED hazina shida na hilo, ila hakikisha kwenye karatasi yake. Nunua zile zinazotunza chaji, ambazo zikijazwa leo bado zina sehemu kubwa ya umeme baada ya miezi kadhaa. Uwezo wake wa kweli ni 1,900 hadi 2,500 mAh. Betri za kutupa za bei ya chini usiziingize kabisa kwenye tochi ya kuzamia. Huvuja, na zikiisha au zikichanganywa mpya na kuukuu hutoa gesi ya haidrojeni. Kwenye redio gesi hiyo hupotea hewani, lakini ndani ya tochi iliyozibwa hujikusanya, na tochi zimewahi kulipuka kwa sababu hiyo.

Hesabu ya lumeni

Sasa lumeni. Zidisha volti kwa ampia-saa upate wati-saa. Betri ya 3,400 mAh ina ampia-saa 3.4, na 3.6 mara 3.4 ni kama 12.2. LED nzuri pamoja na saketi yake hutoa, kwa makadirio, lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo tochi ya lumeni 1,000 inakula wati 10, na 18650 moja itaibeba dakika 70 hivi. Kwa 21700 yenye wati-saa 18 utapata saa moja na dakika arobaini na ushee. Hesabu hiyo haikuhitaji zaidi ya kalamu na kiganja cha mkono.

Ifanyie tangazo la "lumeni 10,000, betri moja ya 18650". Hizo ni wati 100. Betri ingekuwa imekauka baada ya dakika saba, tena ingelazimika kutoa ampia 28 mfululizo, kiasi ambacho betri yenye mAh nyingi haiwezi. Tangazo limejikana lenyewe. Tochi hiyo ikipimwa itakuwa na lumeni 800 au 1,000, na hakuna ubaya na lumeni hizo. Ubaya ni kwamba aliyedanganya kwenye lumeni ana uwezekano mkubwa wa kudanganya kwenye kina.

Kuhusu kina, neno IPX8 au IP68 peke yake lisikutulize. Linasema tu kwamba kifaa kimezamishwa zaidi ya mita moja kwa masharti aliyoyataja mtengenezaji. Kila mita 10 za maji huongeza bari moja ya mgandamizo, hivyo kwenye mita 30 tochi inabebeshwa mgandamizo mara nne ya ule wa ufukweni. Tafuta tochi iliyoandikwa wazi mita 100 au 150. Hutafika huko, lakini ganda na oringi zake zimekusudiwa kwa kazi hiyo.

Kwa maji ya kwetu ya pwani, lumeni 1,000 kwenye tochi kuu na 200 hadi 500 kwenye ya akiba zinatosha kabisa. La maana zaidi ni mwali. Mwali mwembamba wa nyuzi 8 hadi 12 unafika mbali, unapenya maji yenye chembechembe, na ndio unaoonekana vizuri ukimpa mwenzako ishara. Mwanga mpana wa nyuzi 100 na kuendelea ni wa kupiga video. Uchague wenye kiwango cha uhalisia wa rangi cha 90 au zaidi, uuweke mbali na lenzi ya kamera upande wa pembeni, vinginevyo kila chembe iliyo mbele ya lenzi itang'aa kama theluji. Usiutegemee kama tochi kuu. Maji yakiwa na tope, mwanga mpana unakurudia usoni kama taa kubwa za gari kwenye ukungu. Anayetaka kuelewa hilo bila kwenda baharini aangalie maji ya Hombolo baada ya mvua. (Aangalie akiwa ukingoni tu. Mabwawa yetu si ya kuzamia kwa starehe, na Mtera ina mamba na viboko.)

Tochi ni ya mchana pia. Rangi nyekundu humezwa na maji mapema sana, na ukifika mita 10 karibu yote imekwisha, ndiyo maana picha za matumbawe hutoka za kijivu na buluu. Ukimulika kwa karibu, sifongo uliyoiona ya kahawia iliyokufa inageuka nyekundu kama pilipili.

Swichi

Zipo za aina tatu. Ya kwanza ni ya kuzungusha kichwa: ukikaza inawaka, ukilegeza inazima. Ni rahisi na imara, lakini kuilegeza ukiwa majini ni kuisogeza oringi, na anayezidisha mzunguko anaikaribisha bahari ndani. Ya pili ni ya sumaku inayoteleza au kuzungushwa. Hakuna tundu linalopita kwenye ganda, na hiyo ndiyo ninayoipendelea kwa tochi kuu. Adui yake ni mchanga na chumvi iliyokauka chini ya kitelezi. Ya tatu ni ya kubonyeza. Mpira wake ukichakaa maji hupita hapo hapo, na begini hubonyezwa na vitu vingine ikawaka yenyewe. Tundu la chaja lililo nje ya ganda nalikwepa: chumvi na umeme vikikutana, pini huota kutu ya kijani ndani ya safari chache.

Oringi, vumbi la Dodoma na hewa ya Dodoma

Oringi ni pete ya mpira inayokaa kwenye mfereji wa kifuniko, na hiyo ndiyo inayozuia bahari. Tochi nzuri ina mbili. Hazizibi kwa sababu umekaza kwa nguvu. Zinaziba kwa sababu ni safi, laini na zimekaa kwenye mfereji bila kujisokota. Unywele mmoja uliolala juu ya oringi ni mfereji wa maji. Punje moja ya mchanga ni mfereji mpana zaidi. Na vumbi letu jekundu la kiangazi, linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa, ni jembamba kiasi kwamba hulioni hadi umelipaka kwenye kidole.

Kwa hiyo fanya hivi. Nawa mikono. Tandika kitambaa kisichotoa nyuzi, si taulo. Toa oringi kwa kuibana kati ya vidole viwili hadi ijikunje, kisha iinue kwa kipande cha kadi ya simu ya zamani. Pini na kisu vinakwaruza. Ifute, ipitishe polepole kwenye vidole huku ukihisi kama ina mkato au ubapa. Futa mfereji na hesi za kifuniko. Chukua grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele kwa oringi mbili, ipake hadi ing'ae bila kuonekana kuwa na mafuta. Grisi haizibi maji. Kazi yake ni kuiacha oringi iteleze badala ya kujisokota, na iliyozidi huokota vumbi.

Angalia oringi ni ya mpira gani. Nyingi nyeusi ni naitrili, nazo zinapatana na grisi ya silikoni. Oringi ambayo yenyewe ni silikoni, mara nyingi ya rangi nyekundu, buluu au inayopenyeza mwanga, huvimba ikipakwa grisi ya silikoni. Tumia ile iliyokuja na tochi. Vaselini iache kwa ngozi. Kwa joto letu huyeyuka, hushika vumbi, na kuna aina za mpira inazozilainisha na kuzivimbisha.

Hapa sasa Dodoma inatupa zawadi ambayo watu wa pwani hawana, nayo ni hewa kavu. Ukifunga tochi ndani ya boti kwenye joto la nyuzi 30 na unyevunyevu wa Zanzibar, umefungia mvuke humo. Ukizama kwenye maji ya nyuzi 25 au 26, kioo kinapoa na mvuke unageuka ukungu na matone ndani ya lenzi, nawe unadhani tochi imevuja. Ukiifunga Dodoma mchana wa Agosti au Septemba, hewa uliyoifungia ni kavu na kioo kitabaki safi. Kama utalazimika kuifungua huko huko pwani, ifungulie kwenye chumba chenye kiyoyozi, na uwe na vile vifuko vya chembe za silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya.

Jambo moja litakushtua. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo kama asilimia 88 ya ule wa pwani. Tochi iliyofungwa hapa, ukifika Dar kifuniko kitakuwa kimevutwa kwa ndani na kitakuwa kizito kidogo kufungua. Haijaharibika. Zungusha polepole kwa mkono mkavu au kipande cha mpira, usiende kutafuta koleo.

Kuchaji

Chaja nzuri ya lithiamu husukuma ampia zisizobadilika hadi betri ifike volti 4.2, kisha hushikilia volti hizo huku ikipunguza ampia hadi ikate yenyewe. Kwa 18650 ampia 1 inatosha, na 3,400 mAh itachukua saa nne hivi. Kuchaji kwa ampia 2 kunaokoa muda na kuizeesha betri. Kila nafasi ya chaja iwe inajitegemea.

Adui wa betri huku kwetu ni joto. Betri isichajiwe ikiwa imezidi nyuzi 45, na chumba chenye bati bila dari saa nane mchana wa Novemba kinaisogeza huko. Chaji usiku au asubuhi, juu ya kigae au sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, ukiwa macho. Anayetumia sola aweke paneli juani na betri kivulini; nimeona ushauri wa kuviweka pamoja "ili waya usiwe mrefu", nao ni ushauri mbaya. Umeme ukikatika katikati hakuna madhara kwa betri, ila unaporudi kwa kishindo unaweza kuiua chaja, kwa hiyo ipitishe kwenye kile kifaa cha kulinda friji.

Betri ikitoka kwenye chaja iache saa moja, uipime. Inafaa isome 4.15 au zaidi. Ipime tena baada ya wiki: iliyoshuka chini ya 4.05 bila kutumika ina ugonjwa ndani, na usishuke nayo majini. Iliyotoboka ganda la plastiki, iliyobonyea au inayonukia tamu kama rangi ya kucha, itoe kwenye matumizi siku hiyo hiyo. Ziba ncha zake kwa utepe, na usiitupe shimoni wala kuichoma na takataka.

Ndoo

Tochi ya kuzamia hupozwa na maji. Ukiiwasha mezani kwa nguvu zote dakika kumi, itapata joto kali au itajipunguza mwanga yenyewe. Kwa hiyo jaribio la muda lifanyike kwenye ndoo. Kwanza toa betri, weka kipande cha karatasi laini ya chooni ndani, funga, izamishe kwenye maji ya uvuguvugu. Hewa ya ndani hutanuka kwa joto, na penye upenyo utaona viputo. Iache nusu saa, ifute, ifungue kichwa kikitazama chini, uangalie karatasi. Usidhani kina kifupi cha ndoo hakipimi kitu: oringi hukandamizwa na maji kadiri unavyoshuka, na tochi nyingi huvujia kwenye mita ya kwanza ambako bado haijabanwa.

Karatasi ikitoka kavu, weka betri iliyojaa, washa, izamishe na uandike saa. Andika pia inavyokufa. Zipo tochi zinazoshikilia mwanga ule ule kisha zinaanguka ghafla, na zipo zinazofifia kidogo kidogo. Ile ya kwanza inapendeza macho, lakini bila kitaa cha kuonyesha chaji itakuacha gizani bila kukuaga. Muda ulioupata ugawe kwa moja na nusu; huo ndio muda wa mbizi unaoweza kuutegemea. Iliyodumu dakika 75 ni ya mbizi ya dakika 50.

Safarini

Kwa ndege, betri za akiba hukaa kwenye begi la mkononi, kila moja kwenye kikasha chake cha plastiki, kamwe si kwenye mzigo unaopakiwa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 kwa betri, na 18650 yako ina 12, kwa hiyo huna wasiwasi. Tochi ya kuzamia yenyewe mashirika ya ndege huihesabu kama kifaa kinachoweza kutoa joto kali, kwa hiyo uliza mapema na uitoe betri. Kwa treni ya SGR au basi hakuna atakayekuuliza, lakini sheria ya akili ni ile ile. Betri mfukoni pamoja na funguo ni shoti inayosubiri, na tochi iliyowaka yenyewe ndani ya begi la nguo inaweza kuliunguza.

Usiku, chini

Kila mzamiaji ashuke na tochi mbili: kuu mkononi ikiwa na kamba, ya akiba imefungwa kwa kulabu kifuani mahali unapopafikia kwa mkono wowote, na juu ya hizo mbili kimulimuli, kitaa kidogo, nyuma ya mtungi. Mapangoni ni tatu, na huko huendi bila mafunzo yake. Tochi kuu ikizimika, unawasha ya akiba na mbizi imeisha, mnapanda. Tochi ya akiba haijawekwa hapo ili umalizie matembezi.

Ishara mkubaliane juu ya boti. Duara la polepole ni "niko sawa", kupeleka mwali kushoto na kulia kwa haraka ni "nina tatizo". Usimulike usoni mwa mwenzako. Wala usimulike machoni mwa samaki waliolala: mwenye kusikia watu wakisema "usingizi wa pono" atamkuta pono mwenyewe amejibanza kwenye mwamba, baadhi yao wakiwa ndani ya utando wa ute waliojitengenezea. Pita naye kwa ukingo wa mwanga, au tumia taa nyekundu ya mwanga mdogo kama tochi yako inayo.

Maji yakiingia

Maji ya chumvi yakifika kwenye betri, umeme huanza kuyapasua na gesi hujikusanya ndani. Zima, panda kwa utaratibu wako wa kawaida. Kwenye boti iweke mbali na watu, mafuta na injini. Ikiwa ya moto au inachemka kwa sauti, usiiguse hadi ipoe. Kisha legeza kifuniko polepole, kikielekea mahali pasipo na mtu, kwa sababu kinaweza kuruka. Betri iliyoonja chumvi usiichaji tena hata ikionekana nzima. Tochi yenyewe unaweza kuiokoa ukiisuuza mara moja kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuikausha siku mbili ikiwa wazi.

Kurudi

Baada ya kila mbizi, loweka tochi iliyofungwa kwenye maji yasiyo na chumvi nusu saa, na uisogeze swichi humo humo majini ili chumvi itoke. Ikauke kabisa ndipo ifunguliwe.

Mbizi ya usiku mara nyingi ndiyo watu huiweka jioni ya mwisho, na mtu wa Dodoma anapaswa kuipigia hesabu ya pili. Kurudi kwetu ni kupanda mlima, na kupanda mapema mno baada ya mbizi ni hatari kwa mwili. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, wa kusubiri kabla ya kwenda kwenye hewa ya mita 600 hadi 2,400 ni saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 kama ulizamia mara kadhaa au siku kadhaa. Reli inapopita Morogoro na Kilosa inaanza kupanda kuja juu ya mita 1,000. Ukitoka majini saa mbili na nusu usiku baada ya siku tatu za mbizi, saa 18 zinatimia saa nane na nusu mchana wa kesho yake. Boti ya asubuhi na treni ya mchana zinaweza kukuwahisha kupita kiasi, kwa hiyo kata tiketi ya treni ya jioni.

Nyumbani, toa betri zote. Zishushe au zichaji hadi volti 3.7 au 3.8, zifunge kwenye vikasha, ziweke mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba: chini ya kitanda sakafuni, si juu ya kabati karibu na bati, wala ndani ya gari. Zipime kila baada ya miezi mitatu, na iliyoshuka chini ya 2.5 usijaribu kuifufua. Tochi ipangusiwe, na kifuniko chake kiachwe kimelegea ili oringi zisilale zimebanwa hadi safari nyingine.